Mkono mmoja unachanika, na ile tyubu ya "mchanganyiko"

SWALI: Daktari, kiganja changu cha kulia kimekauka, kinachanika na kutoa unga mweupe, sasa ni zaidi ya mwaka. Cha kushoto ni kizima. Nafua nguo za watu, nikadhani ni sabuni. Duka la dawa walinipa tyubu ya mchanganyiko. Nikipaka siku nne muwasho unakwisha, nikiacha unarudi, na sasa ukucha wa dole gumba umekuwa mnene na wa njano. Nipake ipi iliyo kali zaidi? (Mama N., Morogoro)

JIBU: Sabuni haichagui mkono, mama. Ingekuwa yenyewe, viganja vyote viwili vingechanika, maana vyote vinazama kwenye beseni moja. Kiganja kimoja kikavu, unga umekaa kwenye mistari yake, na ukucha umeharibika: hapo nashuku fangasi kwanza. Sasa vua viatu. Tazama nyayo, na katikati ya kidole cha nne na cha mwisho. Mara nyingi fangasi hawa huanzia miguuni, na mkono unaojikunia nyayo ndio unaoambukizwa. Ukitibu kiganja ukaacha miguu, unajisumbua bure.

Kinachonikera ni hiyo "kali zaidi", na si kosa lako, ndivyo mnavyoambiwa dukani. Soma tyubu yako. Pembeni ya clotrimazole, ambayo ndiyo dawa ya fangasi, utakuta betamethasone au clobetasol. Hizo ni steroidi. Haziui fangasi hata mmoja. Zinatuliza ngozi isiwashe wala isiwe nyekundu, na papo hapo zinapunguza kinga ya pale pale ulipopaka. Ni kumfunga mbwa mdomo huku mwizi yumo ndani. Nafuu ya siku nne mnayoisifia ni ya steroidi, na fangasi wanaendelea kutambaa mpaka kwenye ukucha.

Acha tyubu hiyo. Muwasho utapanda kwa siku kadhaa, usiogope ukairudia. Baada ya kama wiki mbili, nenda hospitali wakukwangue unga wa kiganja na wa ukucha, wautazame kwa hadubini, kwa sababu pumu ya ngozi na soriasisi huweza kufanana na hali hii. Wakikuta fangasi, krimu peke yake haitoshi: ngozi ya kiganja ni nene na ukucha haupenyeki. Kwa kawaida tunatoa vidonge vya terbinafine, miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono, 12 kama za miguu nazo zimeshikwa. Daktari atakuuliza kwanza kuhusu ini lako, dawa nyingine unazotumia, na kama una mimba au unanyonyesha.

Wanaopaka maji ya betri kutibu fangasi siwajibu tena; hao huja kwangu na kidonda cha kuungua juu ya fangasi. Ila mchanganyiko unanitisha zaidi, maana unauzwa kwenye boksi safi na watu wanaupaka popote. Mapajani unaacha michirizi isiyofutika. Usoni unaleta chunusi na kuikondesha ngozi. Nchini India sasa wanahangaika na fangasi sugu wasiosikia hata terbinafine, na matumizi holela ya krimu hizi ni miongoni mwa yanayolaumiwa. Kwa hiyo tyubu iliyobaki usimpe jirani, na mtoto mwenye vipele vya nepi usimpake kabisa: chini ya nepi steroidi inapenya mwilini kwa wingi zaidi.