Barua kwa Mwalimu: Natapika kabla ya kila mechi

Hujambo Mwalimu? Mimi ni kipa, nina miaka 19, nakaa Umoja, Nairobi. Mazoezini hakuna anayenifunga kirahisi, hata kocha amekiri. Lakini siku ya mechi, hasa tukicheza uwanja wa Camp Toyoyo au kule Ziwani kwenye mashindano ya Koth Biro, tumbo hunivuruga tangu asubuhi. Naenda choo kila saa, viganja vinakuwa baridi, na mara nyingi natapika kabla hatujaingia uwanjani. Mpira ukianza huwa natulia, lakini nikifungwa bao moja tu naanza kuwaza kaka yangu atasema nini, maana yeye ndiye hunilipia nauli na kuninunulia glavu. Hapo bao la pili haliko mbali. Kocha anasema mimi ni mwoga kama kunguru, na kwamba kipa lazima awe mtu wa kelele. Mimi tangu utotoni ni mnyamavu. Je, niachane na lango?
Kipa, Umoja

Sijambo mwanangu. Usiachane nalo.

Nianze na huko kutapika kwa sababu naona ndiko kunakokuaibisha zaidi, na hakustahili kukuaibisha hata kidogo. Bill Russell, aliyetwaa ubingwa wa mpira wa vikapu wa NBA mara 11 akiwa na Boston Celtics, alijulikana kwa kutapika kabla ya mechi, na wenzake wakimsikia walijua yuko tayari kwa kazi. Mwili ukihisi kuna pambano mbele, humwaga adrenalini, homoni ya kuuandaa kwa pambano. Damu hupungua tumboni na kwenye ngozi ikaelekezwa kwenye misuli mikubwa. Ndiyo maana tumbo linagoma na viganja vinapoa. Kula chakula chepesi, kama uji au wali kidogo, masaa matatu hivi kabla ya mechi. Chapati madondo ziache za jioni.

Lililo zito umeliandika ukalipita mbio: mpira ukianza tumbo linatulia, lakini ukifungwa unamuwaza kaka. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mwanasaikolojia wa michezo Rainer Martens na wenzake, katika vipimo vyao vya wasiwasi wa mashindano, walitenganisha wasiwasi wa mwili na ule wa fikra. Wa mwili hupanda kadiri mechi inavyokaribia, kisha aghalabu hushuka kipenga kikishalia. Wa fikra huzuka saa yoyote mtu anapoanza kutilia shaka kama ataweza. Ule wa kwanza unautuliza kwa pumzi. Wa pili hautaondoka kwa pumzi peke yake, kwa sababu kila bao unalofungwa unalihesabu kama deni kwa kaka yako.

Kwa hiyo zungumza naye. Chagua siku isiyo ya mechi, mkiwa nyumbani mmeshakula, umwambie: "Kaka, nakushukuru kwa nauli na glavu. Naomba mechi ikiisha tusiizungumzie mpaka kesho yake." Usimwombe radhi kwa mabao. Nimewaona kaka na wazazi wengi pembeni mwa viwanja vya Eastlands, na wengi hawajui kabisa kwamba kijana wao anawabeba kichwani hadi golini. Akijua, huenda yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupunguzia huo mzigo.

Uwanjani nakupa kazi hii. Ukifungwa, toa mpira wavuni mwenyewe. Ukiwa bado umeutazama wavu, fungua mkanda wa glavu, vuta pumzi puani, itoe kwa mdomo polepole, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, kisha ufunge mkanda. Mkanda ukishafungwa, bao hilo halikuhusu tena mpaka mechi iishe. Neno la kujiambia liwe la kazi, kwa mfano "miguu" au "mpira". Usijiambie "usiogope", kwa sababu hapo bado unaifikiria hofu. Fanya hivyo mazoezini kila unapofungwa, hata kama ni bao la mzaha, ili siku ya mechi mikono ifanye bila kuambiwa.

Halafu kuna hili la kung'ara mazoezini na kufifia kwenye mechi. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alieleza mwaka 1965 kwamba watu wakitutazama mwili husisimka, na lile tulilolizoea zaidi ndilo hujitokeza. Aliyelizoea jambo barabara hulifanya vyema zaidi, na ambaye bado hajalizoea huharibikiwa. Ninyi nadhani mnafanyia mazoezi uwanja mtupu, kisha unapelekwa Ziwani ambako mashabiki wamejipanga hadi ukingoni mwa mstari. Waombe wenzako watano wasimame nyuma ya goli mazoezini wakikupigia kelele za kila aina huku krosi zinakuja. Wiki ya kwanza itakuudhi. Endelea.

Sasa kocha wako. Kwa heshima zote, hapa simuungi mkono. Watafiti wametumia miaka mingi kupima haiba za wanamichezo wakitafuta haiba moja ya bingwa, na hawakuipata. Wapo mabingwa wacheshi na wapo wasioongea. Mwanasaikolojia Charles Spielberger naye alitofautisha mtu mwenye hulka ya wasiwasi na mtu aliyeshikwa na wasiwasi wa saa ile tu. Kipa anayetulia mpira ukianza sioni kwa nini aitwe kunguru. Kisha Yuri Hanin, mwanasaikolojia wa michezo, akaonyesha kwamba kila mchezaji ana kiwango chake cha msisimko kinachomfaa: mmoja anataka muziki na makofi ya mgongoni, mwingine anataka kona yake na ukimya. Mwombe kocha dakika kumi za kukaa peke yako kabla ya kutoka. Kweli, kipa lazima aongee na mabeki, lakini kuita "yangu!" na "toka!" ni ufundi unaofunzwa kama kudaka. Nimewafunza wasichana wa mpira wa mikono ambao darasani hukuwasikia, na golini waliamrisha timu nzima.

Wasiwasi ukianza kukufuata hadi usingizini na kwenye siku zisizo na mechi, nenda umwone mshauri nasaha katika hospitali iliyo karibu nawe. Usingoje msimu uishe.

*

Mwalimu, binti yangu wa miaka 12 anaogelea. Baba yake humpa shilingi 500 kwa kila medali. Siku hizi bila mashindano hataki hata kwenda bwawani. Ni uvivu?
Mama, Donholm

Si uvivu, mama. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya kupanga. Waliolipwa kwa kuyafumbua, malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyachezea wakati wa mapumziko ilipungua. Binti yenu aliogelea kwa raha, sasa anaogelea kwa malipo. Kaeni naye, mwambieni kwa upole kwamba pesa za medali zinakoma, na kwamba hajafanya kosa lolote. Mpeni pia nafasi ya kuchagua kitu: mtindo wa kuogelea, siku za mazoezi, hata rafiki wa kwenda naye. Na akitoka majini, muulizeni kwanza leo amejifunza nini. Nafasi aliyoshika atawaambia mwenyewe.