Ukifika kwenye kasri la Disneyland Paris, usiishie kupiga picha

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu Disneyland Paris, bustani ya burudani iliyo karibu na jiji la Paris, tulisimama mbele ya kasri, tukapiga picha, tukapita langoni mbio kuwahi michezo ya upande wa pili. Jioni, tukiwa kwenye treni ya kurudi mjini, mama mmoja aliyekaa mkabala nasi akamuuliza binti yangu: "Joka umeliona?" Joka gani? Kumbe lilikuwa chini ya kasri lile lile, nasi tulipita pale mara nne siku hiyo.

Mwaka uliofuata tukarudi kwa ajili ya hilo joka, na tangu hapo kila rafiki anayeniambia anakwenda, namsihi alitengee kasri saa nzima.

Jina lake ni Le Château de la Belle au Bois Dormant, kasri la mrembo aliyelala msituni. Hadithi hiyo Charles Perrault aliichapisha kwa Kifaransa mwaka 1697. Walt Disney alipofungua bustani yake ya kwanza huko Anaheim, California, Julai 1955, kasri lake alilipa jina la mrembo huyo, ingawa filamu yake ya katuni ya hadithi hiyo haikutoka hadi 1959. Umbo la kasri hilo la Anaheim lilitokana na Neuschwanstein, lile la milimani Bavaria, Ujerumani, ambalo Mfalme Ludwig II alianza kulijenga mwaka 1869, akafa mwaka 1886 halijakamilika.

Ilipofika zamu ya Ufaransa, wabunifu walikuwa na mtihani. Wafaransa wana makasri ya kweli, ya mawe, yaliyolalwa na wafalme. Nani atoe kiingilio aone la kuiga? Wakaamua kujenga kasri ambalo mtu hulikuta vitabuni tu. Walitazama Mont-Saint-Michel, kisiwa cha Ufaransa chenye abasia ya kale, jinsi majengo yake yanavyopanda mwamba hadi kwenye mnara wa kileleni. Walitazama pia picha za rangi za kitabu cha sala cha Duke wa Berry, mwanamfalme wa Ufaransa, cha karne ya 15. Miti ya pembeni imekatwa miraba, kama iliyochorwa kwa rula. Kuta wakazipaka rangi ya waridi ili zionekane vizuri chini ya mawingu ya kijivu ya kaskazini mwa Ufaransa. Bustani ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992. Mimi kasri hilo nimeliona kwenye jua na kwenye manyunyu, na kwenye manyunyu nalipenda zaidi.

Lina urefu wa mita 51 hivi, wakati lile la Anaheim lina kama 23 tu. Hata hivyo macho huona zaidi ya hapo, kwa sababu mawe ni makubwa chini na yanazidi kupungua kadiri ukuta unavyopanda, hivyo minara huonekana iko mbali sana. Waonyesheni watoto. Wangu walisimama kulinganisha mawe ya chini na ya juu mpaka shingo zikawauma.

Sasa joka, la mitambo. Kuna njia ya pembeni, nje ya kasri, na kuna ngazi zinazoshuka kutoka duka la Merlin lililo ndani. Utaingia pangoni, giza, maji, kisha utaliona limelala, zaidi ya mita 20, limefungwa mnyororo. Ngoja. Usiondoke hata kama watu wanaondoka. Litafumbua macho, litanyanyua kichwa, litanguruma na moshi puani. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minne, alinishika mguu akalia, na kosa lilikuwa langu, sikumwandaa. Mwambie mtoto kabla hamjaingia kwamba litaamka, na kwamba haliwezi kutoka pale lilipo.

Kisha pandeni juu. Wengi hawajui kama kuna juu. Fanyeni hivyo mchana, maana sehemu hiyo hufungwa mapema kabla ya onyesho la jioni. Huko hadithi imesimuliwa kwa mazulia ya ukutani na vioo vya rangi, nguzo zikiwa na umbo la miti, na maandishi ni ya Kifaransa. Usihangaike kutafsiri neno kwa neno. Simulia mwenyewe, kwa Kiswahili, kama ulivyosimuliwa na bibi yako. Mimi nilianza "Paukwa!" na wanangu wakaitikia "Pakawa!" kwa sauti iliyowageuza watu wote mle ndani, nikaendelea hivyo hivyo, picha hadi picha, mpaka kasri zima likalala miaka mia.

Kuna dirisha moja ambamo maua mawili ya waridi hugeuka njiwa, kisha njiwa wakarudi kuwa waridi. Binti yangu alisimama mbele yake bila kusema neno. Nikamwambia foleni ya michezo inazidi kurefuka. Akasema, "Mama, mara moja tu tena," na akasema hivyo mara tano.