Kisu cha buchani hakihitaji kuwa wembe

Mkuu, weka hicho kisu chini kwanza. Kisu cha kuchinjia na kuchanja nyama, unataka ukinoe kwa mwinamo wa nyuzi 10 kila upande "kiwe kama wembe", halafu unauliza ununue jiwe gani na utumie maji au mafuta? Habari ya jiwe gani achana nayo kwanza.

Nimepita huko. Kuna jamaa kwenye video, aproni nyeusi, sauti ya mahubiri, anachana karatasi hewani: "siri ni nyuzi 15." Hakusema kila upande au jumla! Mimi na akili zangu nikagawa kwa mbili, saba na nusu huku, saba na nusu kule. Nikainamia kinoo jioni nzima. Kikanyoa vinyweleo vya mkono, nikaita watoto waje kushangaa. Mama watoto akauliza kesho nafungua bucha au saluni.

Kesho yake mkesha wa Idi, foleni mpaka barabarani. Mguu wa kwanza wa mbuzi, napita kwenye kiungo, nikasikia "tik". Nikajua ni mfupa. Nainua kisu kwenye taa: makali yana mapengo kama mtoto wa darasa la kwanza, kwingine yamejikunja kabisa. Sasa vile vipande vya chuma viko wapi? Kwenye nyama ya watu. Mguu mzima nikautupa, mteja kasimama pale pale ananitazama. Mpaka leo akipita hanisalimii.

Yule wa video anakata nyanya, mkuu. Nyanya haina goti.

Hizo 15 kila upande ni za visu vya Kijapani, chuma kigumu, kazi ya minofu laini. Vyetu vya chuma laini ni 20 kila upande, kikigusagusa mifupa 25. Na usianze kuhangaika na vipimo. Chukua maka peni, paka wino kwenye makali pande zote, sugua kwenye kinoo mara MOJA, taratibu, uangalie. Wino umetoka juu tu, upande wa mgongo: umekilaza mno. Umetoka ukingoni tu: umekisimamisha mno. Umetoka wote: huo ndio mwinamo wake wa siku zote, ushike hapo hapo mpaka umalize, usijifanye mvumbuzi.

Paka wino, sugua mara moja, piga picha uitupie hapa. Kabla sijaiona usisugue mara ya pili.