Sigaa ya bei rahisi usiihukumu siku uliyoipata, hapa Mombasa ipumzishe kwanza

Swali ambalo naulizwa kila saa tangu watu wajue navuta sigaa (zile nene za majani ya tumbaku yaliyokunjwa, siyo sigara za pakiti) ni hili: zile za bei ya chini zinavutika kweli ama ni kuchoma pesa? Miaka miwili nyuma ningekujibu bila kufikiria kwamba ni kuchoma pesa, na nlikua nimekosea. Nataka nieleze nlikosea wapi, maanake naona wengi hapa pwani wanaanguka shimo lile lile, wanailaumu tumbaku na kumbe mwenye makosa ni hewa yetu.

Ilikua hivi. Rafiki yangu ni baharia, meli yao ilipofunga gati Kilindini akaniletea bando la sigaa 20 za Nicaragua, saizi ya robusto, yaani urefu wa inchi 5 na unene wa 50. Huo unene unahesabiwa kwa inchi iliyogawanywa mara 64, kwa hivyo 50 ni robo tatu ya inchi na kidogo. Boksi hakuna, zimefungwa kwa nailoni tu zote pamoja. Nikamrudishia shilingi 7,000, kwa hivyo moja imenisimamia 350, na mimi nishawahi kununua sigaa moja ya Cuba kwa pesa ambayo ingenipa saba za hizi.

Nikazitia kabatini karibu na dirisha, wiki tatu, masika imechachamaa, kisha ijumaa usiku nikapanda roshani kwangu Tudor na dele la kahawa chungu nikawasha ya kwanza. Wallahi nlisikitika. Upande mmoja unaungua mwingine umebaki vile vile mbichi, nimeiwasha mara nne, kuvuta nguvu mpaka mashavu yanaingia ndani, na moshi unauma ulimi. Nikaacha nusu. Siku ya pili nikajaribu nyingine, mambo ni yale yale. Nikampigia rafiki yangu nikamwambia ndugu yangu hapa umeuziwa takataka, akashangaa, akanambia mbona mimi navuta hizo hizo kila jioni na ni tamu.

Ni pale aliponitajia kabini yake ina AC masaa ishirini na nne ndo nikashtuka. AC inakausha hewa. Yangu mimi imekaa dirishani wakati wa mvua.

Na hili somo nlikua nalo tangu utotoni ila sikulitumia. Bibi yangu alikua mtu wa tambuu, na kabla hajaitia tumbaku kwenye jani lake alikua anaikunja kwa kidole gumba, ikikatika anasema hii imekauka, ikimganda kidoleni anairudisha kwa muuzaji papo hapo, hana haya. Basi nikaenda kabatini nikabonyeza sigaa moja katikati. Ilikua imelegea kama ndizi iliyopitiliza kuiva.

Sigaa inataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 hivi. Nikanunua kipima unyevu kidogo cha dijitali, na ukinunua hivi vya bei nafuu usikiamini mpaka ukipime kwa chumvi. Unachukua kifuniko cha chupa ya soda, unajaza chumvi ya kawaida, unatia matone machache ya maji iwe kama uji mzito (isielee maji), unaweka pamoja na kile kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa kabisa, unaacha mpaka kesho yake. Chumvi ikiwa hivyo inaishikilia hewa ya mfukoni kwenye asilimia 75, popote ulipo. Changu kilisoma 79, kwa hivyo najua kinazidisha nne. Chumbani kwangu kilikua kinasoma 82, ukitoa nne ni 78, na hapo ndo sigaa zangu zilikua zinalala!

Dawa yake haikua ghali hata. Nilichukua kopo la plastiki la jikoni lenye kifuniko cha mpira kinachobana, nikaliosha likakauka mpaka likaisha harufu, nikatia sigaa na vile vipakiti vya kudhibiti unyevu vya asilimia 65, ambavyo hewa ikizidi maji vinanyonya na ikikauka vinatoa. Usitie mchele wala usitie vipakiti vya silika vya kwenye viatu, hivyo vinakausha tu havijui kusimama. Kopo nikaliweka chini ya kitanda mbali na joto, na nikajilazimisha nisiliguse wiki sita.

Ya tatu nliivuta wiki ya saba na ni kama umeniletea kitu kingine. Kuikata kichwa tu na kuivuta bila moto, hewa inapita laini kama mrija wa madafu. Nikaichoma taratibu, moto usiguse jani, nikiizungusha. Pilipili manga kidogo mwanzoni puani, kisha ikatulia ikawa kama korosho zilizochomwa, sigaa na ile kahawa chungu yenye tangawizi vinaelewana sana. Jivu lilishika mpaka karibu sentimita mbili, kijivu, lina mistari mistari, ndo likaanguka. Sehemu ya mwisho ikawa kali na chungu nikaiacha, na hilo naona ni kawaida kwa bei hii, sigaa ya 350 haikupi utamu mpaka mwisho.

Sasa ubora wenyewe. Baada ya kuvuta moja nzuri nikachukua nyingine nikaipasua kwa wembe urefu wake wote juu ya gazeti nione ndani, na nakushauri ufanye hivyo kwa bando lolote jipya, inauma kupoteza moja lakini utajua umenunua nini. Sigaa ina jani la nje, jani la kufungia, na tumbaku ya ndani. Ikiwa ndani ni majani marefu yaliyokunjwa kutoka mwanzo mpaka mwisho, hiyo ndo kazi ya ghali. Ikiwa ni chenga tupu, jivu litakuangukia kwenye kikoi na vipande vitakujia mdomoni. Yangu ilikua katikati, chenga zimezungushiwa majani marefu, ufundi unaoeleweka na wa haki kwa hiyo pesa. Jani la nje ni jani kweli, lina mishipa, siyo ile karatasi ya unga wa tumbaku inayowekwa kwenye nyingi za mashine. Rangi hazikufanana, moja nyeusi nyingine kahawia, na hiyo ndo moja ya sababu za bei, kiwanda kimeokoa boksi la mbao na kazi ya kuchagua rangi. Rangi haivutwi, kwa hivyo mimi sijali. Na wale wanaokwambia jivu likiwa jeupe ndo sigaa nzuri, usiwasikize, weupe unatokana na madini ya udongo.

Kati ya 20, mbili zilikua zimebana hazipitishi hewa kabisa. Hiyo naihesabu kama kasoro ya kweli.

Kuna bando jingine nlinunua hapa hapa mjini, duka silitaji, nikakuta kwenye moja kitundu kidogo cha duara kama umetoboa kwa sindano, na ukiigonga unamwagika unga wa kahawia. Ni mdudu wa tumbaku, mayai yake yanaanguliwa joto likipanda na sisi hapa joto ndo makao yetu. Tangu siku hiyo kila bando jipya nalifunga vizuri kwa mfuko, siku tatu friza, siku moja friji ya kawaida, kisha ndo kopo. Usiitoe friza ukaiweka juani, jani linapasuka.

Na tusidanganyane kwa kua moshi wake ni mzuri wa kunusa: sigaa ni tumbaku, saratani ya mdomo na koo haiulizi kama ulimeza moshi ama hukumeza. Mimi navuta moja kwa wiki, nimeshiba, watoto wamelala ndani, roshani wazi. Kuvuta mahali pa umma Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 imekataza, kwa hivyo pale ufukweni Mama Ngina Drive usiende nayo hata upepo ukiwa mtamu vipi. Kama huvuti, baki hivyo hivyo.

Zimebaki sita koponi. Moja nimeifunga uzi mwekundu ya rafiki yangu, meli yao inarudi mwezi ujao, nataka akae hapa roshani kwenye joto letu bila AC avute anambie kama ni ile ile.