Ukikaukiwa, Tafuta wa Kumjibu

Mtu akisema ubunifu umemkauka, ushauri wa kwanza anaopewa ni "pumzika". Kwa aliyechoka mwili, ushauri huo ni dawa. Mimi nilipumzika. Nilikwenda Pangani kwa ndugu zangu, nikalala mpaka saa tatu asubuhi, nikala samaki wa kupaka, jioni nikakaa kutazama mto unavyoingia baharini. Nguvu zilinirudia kabisa. Nikarudi Tanga, nikafungua daftari, na kichwa kikawa kitupu vilevile.

Kazi yangu ni kutunga mashairi ya kuagizwa: harusi, mahafali, kuagwa kwa wastaafu, uzinduzi wa maduka, na msimu wa uchaguzi ukifika, wagombea. Mteja ananitumia majina na sifa kwa WhatsApp, tunapatana bei, na siku ya shughuli naghani mwenyewe au namkabidhi mghani. Kazi hii ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, siwezi kuibeza. Ila ina sumu yake. Unasifu watu usiowajua, wiki baada ya wiki, na hakuna anayekujibu. Watu wanapiga makofi, wanatunza, wanarudi kwenye pilau yao. Ulichosema hakimgusi mtu kiasi cha kumfanya abishe.

Kuchoshwa na kazi kwa namna hii Waingereza wanakuita "burnout", na Shirika la Afya Duniani lilitoa ufafanuzi wake mwaka 2019 katika mwongozo wake wa kuainisha magonjwa, ICD-11, likisisitiza kwamba si ugonjwa bali ni hali inayotokana na kazi. Dalili zake limezitaja tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuikebehi kazi yenyewe, na kujiona hufanyi la maana. Nguvu nilikuwa nazo, nimeshasema. Iliyonishika ni ile ya pili. Nilikuwa namsifu bwana harusi kwa kalamu huku moyoni namcheka. (Kama wewe umefika pa kukosa usingizi, kushindwa kula au kutamani usiwepo, acha kusoma hapa uende kwa daktari. Mashairi hayatibu hayo.)

Nikaanza kwa kupunguza oda. Sikuziacha zote, maana mwenye nyumba hapokei tungo. Nilibakiza harusi, nikaacha wagombea na maduka, na wateja nikawaambia waziwazi kwamba kwa sasa kazi za namna hiyo sizichukui. Wapo walionuna. Hilo lilinipa nafasi, lakini nafasi peke yake haitungi. Kushinda kwenye simu nikitazama kazi za wenzangu ndiyo kabisa, kuliniongezea kijicho tu.

Kilichonitoa ni kanga ya jirani. Uani kwetu tunaanika pamoja, na asubuhi moja niliinua kichwa nikakutana na jina lake linaning'inia mbele ya uso wangu: "Japo sipati tamaa sikati." Ni jina la zamani, limevaliwa pwani nzima, nimeliona tangu utoto bila kunishughulisha. Siku hiyo liliniudhi. Nililiona kama limeandikwa kunisuta, na nikataka kulijibu palepale. Nikachukua kalamu:

Jirani hebu nambie, tamaa hiyo ya nini?
Hupati, uvumilie, mlangoni pake nani?
Mie wacha nitulie, nikae zangu nyumbani,
Tamaa nikuachie, miye sinayo moyoni.

Si ubeti wa kushindania tuzo. Mshororo wa pili una kiraka, na mwenye sikio atakiona. Lakini ulitoka wote kabla chai haijapoa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikihangaika na mshororo mmoja wa mteja mpaka usiku. Tena ulikuwa na hasira ndani yake, na hasira ni dalili nzuri kwa mtu aliyekuwa hajali kitu.

Nikausoma kwa sauti, nikamtumia mshairi mwenzangu aliye Muheza, sikumweleza lolote. Akajibu usiku uleule, amechukua upande wa jirani:

Kaka umekasirika, kanga haikukutaja.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaona alichonifanyia. Amebadilisha vina, na kwa kuwa yeye ndiye aliyenijibu, sasa mimi natakiwa nimfuate kwenye -ka na -ja. Kina cha -ka kinajaa popote, kila kitenzi cha pili kinakupa. Cha -ja ni kibahili. Nikaanza kuyahesabu kwa vidole: ngoja, haja, hoja, daraja, pamoja. Nililala na "daraja" kichwani nikashindwa kuliingiza. Kesho yake nikiwa kwenye foleni ya maji likaja "faraja", na nyuma yake likafuata wazo zima ambalo nisingelipata kama ningekaa kulitafuta: kwamba mwenye tamaa angalau ana cha kumwamsha asubuhi. Yaani kina kilinisukuma mpaka nikakubaliana na kanga niliyoanza kwa kugombana nayo.

Ushauri wangu basi ni huo, na nadhani unawafaa hata wasiotunga: ukikaukiwa, usitafute la kusema, tafuta wa kumjibu. Wazee wetu walijua. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa akirushiana mashairi na watu wa Lamu wakati miji hiyo miwili ina ugomvi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwafanya watu wa mikoa mbalimbali wasomane tungo zao. Na waliokuwa Dar miaka ya 1990 wanakumbuka jinsi mipasho ilivyochachamaa, waimbaji wa taarabu Khadija Kopa akiwa kikundi cha TOT na Nasma Khamis akiwa kikundi cha Muungano. Sidhani kama kuna aliyekuwa anangoja hamasa imshukie. Mwenzako ameshakurushia neno, watu wanasubiri, utakaaje kimya?

Kwa mshonaji, inaweza kuwa gauni alilolipita dirishani na kulikasirikia kwa jinsi mkono wake ulivyokatwa. Alishone upya anavyoona yeye lilipaswa kuwa. Mchoraji achukue picha ya mwenzake achore upande usioonekana. Mpiga gitaa aombe kipande cha sauti kwa rafiki na amrudishie kipande kingine. Muhimu ni kuwa na kitu mbele yako ambacho tayari kina msimamo, ili kazi yako ya kwanza iwe kukikubali au kukikataa. Kukikataa ni rahisi zaidi, anzia hapo.

Kuchagua mtu wa kujibizana naye kunahitaji akili kidogo. Asiwe mteja, maana utaanza kumpendeza. Asiwe mtu mnayegombana kwa mambo mengine, shairi litageuka kesi. Asiwe bingwa mno, atakunyamazisha, wala mwanafunzi wako, hatathubutu kukupiga. Wangu ni mtu wa rika langu ambaye mizani yangu ikipungua hanionei haya. Na wale wasiojulikana wa mitandaoni waache kabisa. Kule watu hawajibu ulichosema, wanakujibu wewe.

Halafu majibizano hayo msiyachapishe. Mimi na mwenzangu tulikubaliana kwamba beti za majibizano hazitoki kwenye simu zetu, haziuzwi, hazighaniwi kwenye shughuli ya mtu. Nami nimemwomba radhi kwa kutoa hapa ubeti wangu mmoja na mshororo wake mmoja. Naye amenisamehe kwa masharti ya kununuliwa urojo. Ubeti ukishakuwa na bei, au ukianza kuhesabiwa waliouona, utarudi kulekule kwenye makofi na pilau.

Oda za maduka nimeanza kuzipokea tena, chache. Za wagombea bado. Jirani naye wiki hii ameanika kanga mpya, lakini imegeukia ukutani na sijapata kusoma jina lake, na siwezi kwenda kuigeuza nguo ya mke wa mtu.