Jibu: Duke Ellington alikuwa mtunzi kweli?

Ndugu yangu, umeuliza kama Duke Ellington alikuwa mtunzi kweli au kiongozi wa bendi ya jazi aliyepiga piano tu. Kwake hayo mawili hayatengani. Alizaliwa Washington mwaka 1899, akahamia New York, na mwaka 1927 bendi yake ikapata kazi ya kudumu Cotton Club, klabu ya usiku mtaani Harlem. Redio ikamtangaza Marekani nzima.

Utunzi wake uko hapa: hakuiandikia tarumbeta, alimwandikia mtu. Karatasi zake zilibeba majina ya wapigaji. Bubber Miley, mpiga tarumbeta wake, alikuwa anaziba mdomo wa tarumbeta kwa kile kipira cha kuzibulia sinki, anakifungua na kukifunga, hadi ala inanguruma kama mtu mwenye uchungu. Duke akaujengea mngurumo ule nyimbo nzima. Ukimtoa Miley, wimbo si ule tena.

Ila wimbo maarufu wa bendi yake, "Take the 'A' Train", ni wa Billy Strayhorn, mtunzi aliyejiunga naye 1939. Wengi hudhani ni wa Duke, na Strayhorn anastahili haki yake.

Ukitaka kumsikia Duke, anza na rekodi zake za 1940 hadi 1942, na saksafoni ya Johnny Hodges wa bendi yake isikilize kwa utulivu, usiku.