Tokeni za rclone: majibu kwa wanaohamisha mafaili ya wingu

Swali: Ninahamisha nyaraka za ofisi kutoka Google Drive kwenda OneDrive kwa kutumia rclone, programu ya kunakili mafaili kati ya hifadhi za wingu. Mbona programu haikuniuliza nywila?

Jibu: Haiihitaji, na ni vyema isiijue. Ulipokubali kwenye kivinjari, ulijitambulisha kwa Google moja kwa moja, nayo ikaipa rclone tokeni mbili, yaani vibali vya kidijitali, kwa utaratibu wa OAuth 2.0 unaoiruhusu programu kuingia bila nywila yako: moja ya kufikia mafaili, inayodumu kwa takriban saa 1, na nyingine ya kuombea mpya kila ya kwanza inapokwisha. Utaziona ndani ya rclone.conf, faili la mipangilio ya rclone, kwenye mstari unaoanza na neno token. Wengi hushtuka wakikuta tarehe iliyo mbele ya expiry imeshapita, lakini hiyo si hitilafu, kwani rclone huomba nyingine yenyewe.

Swali: Seva yetu haina kivinjari. Nifanyeje?

Jibu: Amri ya kuweka mipangilio, rclone config, ikikuuliza kuhusu kivinjari, jibu hapana. Itakuonyesha amri inayoanza na rclone authorize. Iendeshe kwenye kompyuta yenye kivinjari na rclone, ingia kwa akaunti husika, kisha unakili maandishi yote utakayopewa na kuyabandika kwenye seva.

Swali: Kila baada ya wiki kazi inakatika kwa ujumbe wa invalid_grant, nami nalazimika kuidhinisha upya. Tatizo ni nini?

Jibu: Inaelekea ulijisajilia kitambulisho chako cha programu (client ID) kwenye Google Cloud, jambo ambalo ni jema kwa kuwa kile kinachokuja na rclone hugombaniwa na watumiaji wengi, lakini ukauacha mradi wako katika hali ya Testing, yaani ya majaribio. Katika hali hiyo, kwa programu iliyosajiliwa kuwa ya watumiaji wa nje, Google hufuta tokeni ya kuombea mpya baada ya siku 7, hata kama uhamishaji unaendelea vizuri. Badilisha hali iwe In production. Au, ikiwa ofisi yenu inatumia Google Workspace na mradi ni wa ofisi hiyo, chagua Internal. Usiishie hapo, maana tokeni uliyoipata wakati wa majaribio bado ina ukomo wake: endesha rclone config reconnect ukitaja jina uliloipa hifadhi yako ndani ya rclone, likifuatiwa na nukta mbili (:). Ukianza tena rclone copy, mafaili yaliyokwisha kufika bila kubadilika yatarukwa.

Swali: Mwenzetu alituma rclone.conf kwenye kundi la WhatsApp. Nimebadilisha nywila ya Google, je, inatosha?

Jibu: Haitoshi. Kubadilisha nywila hakufuti tokeni yenye ruhusa za Drive pekee, kwa hiyo aliyelipata faili hilo bado anaweza kuingia. Nenda kwenye mipangilio ya akaunti yako ya Google, uiondolee programu hiyo ruhusa, kisha uidhinishe upya. Kama mlitumia kitambulisho chenu wenyewe, badilisheni na siri yake (client secret), kwa kuwa nayo imo humo humo. Tokeni hukaa wazi katika faili hilo mpaka uliwekee nywila kupitia rclone config, na nashangaa ni wangapi hawafanyi hivyo.

Swali: Nahofia kufuta kitu kwenye Drive kwa bahati mbaya.

Jibu: Chagua ruhusa ya drive.readonly, yaani ya kusoma tu, kwa upande wa chanzo. Kama ulishaidhinisha ruhusa kamili, ibadilishe kwenye mipangilio kisha uidhinishe upya, kwa sababu tokeni ya zamani inabaki na ruhusa zake za awali.